Kompyuta ya Kikundi Ndani ya Boti: Tupige Hesabu Kwanza

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya ufuoni na visiwani, Ziwa Victoria)

Leo hatutasema juu ya kuku wala juu ya choo cha shimo. Tumeombwa tuseme juu ya kitu ambacho miaka ya nyuma hakuna kikundi kingetuuliza: kompyuta, na si kompyuta ya ofisi ya mjini, bali kompyuta ya mezani ndani ya boti.

Swali hili limetufikia kutoka kwa zaidi ya kikundi kimoja, na karibu linafanana kila mahali. Kikundi kina wanachama katika fuo nne au tano, wengine bara, wengine visiwani. Kina boti yake ya mbao ya kukusanya samaki na kubeba abiria. Kimepewa kompyuta iliyotumika, pengine na shule iliyopata mpya, pengine na kijana wao aliye Nairobi. Sasa wanauliza: kwa nini mashine hii ikae chumbani kwa katibu huku bara, na wanachama wengi wako ng'ambo? Si tuipakie kwenye boti, izunguke, kila mtu aone hesabu yake kwa macho yake?

Swali hili si la mchezo. Sisi tunaozunguka na vikundi tunajua pesa zinavyoleta maneno. Mama wa kisiwani anatoa akiba yake kila wiki, anaandikiwa kikaratasi, na daftari kubwa liko kwa mweka hazina ng'ambo ya maji. Mwaka unaisha hajaliona. Siku ya kugawana anaambiwa kiasi ambacho hakilingani na vikaratasi vyake, na vingine vilishalowa zamani. Hapo ndipo vikundi vizuri vinavunjika, si kwamba kila mara kuna mwizi, ila mwenye pesa na daftari hawajawahi kukaa mahali pamoja. Kwa hiyo anayetaka kupeleka hesabu visiwani ana haja ya kweli. Tuulize tu kama sanduku hili ndilo litakaloibeba haja hiyo, na kwa gharama gani.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Watu wamefanya, na si matajiri peke yao wenye mashua za kujistarehesha. Kule Bangladesh, nchi ya mito na mafuriko, kuna shirika linaloitwa Shidhulai Swanirvar Sangstha. Shidhulai ni jina la kijiji, na hayo maneno mengine maana yake ni shirika la kujitegemea. Yaani ni watu kama sisi. Lilianzishwa mwaka 1998 na Mohammed Rezwan, kijana aliyesomea uchoraji wa majengo. Aliona kwamba kila msimu wa mvua shule zinafungwa kwa sababu watoto hawawezi kuzifikia. Badala ya kujenga majengo ambayo mto utayabeba, akatengeneza mashua ziwe ndizo shule. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 2002. Baadaye zikaja mashua za maktaba zenye kompyuta ndani, zinazotumia umeme wa jua, na hata wakulima watu wazima wakawa wanaingia kujifunza. Mwaka 2005 shirika hilo lilipewa tuzo ya dola milioni 1 na wakfu wa Bill na Melinda Gates kwa kazi hiyo ya maktaba.

Tunawapa mfano huu kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi wakisikia habari hizi hawaliulizi. Mashua zile zinafanyaje kazi? Zina sakafu bapa, si za kukata mawimbi. Zinapita mitoni na kwenye maji ya mafuriko yasiyo na kina kirefu. Zina paa lisilopitisha maji, na paneli za sola ziko juu ya paa. Tena zikishawachukua watoto zinafungwa ukingoni, ndipo somo linaanza. Mashua inatembea, kisha inasimama, kisha kompyuta inawashwa. Hebu mshike hilo, maana boti zetu hapa ni ndefu na nyembamba, nyingi hazina paa, na ziwa letu nyinyi mnalijua kuliko sisi. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu na maji yametulia. Saa nane mchana upepo unageuka kutoka ziwani, na hapo hata kikombe cha chai hakikai juu ya ubao.

Sasa tuje kwenye umeme, kwa maana hapa ndipo mradi utasimama au utaanguka.

Kompyuta ya mezani imezoea stima ya ukutani, volti 240. Ndani ya boti tuna betri ya volti 12. Katikati yake watu huweka inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Kikundi kinafikiri, tukiwa na betri na inveta tumemaliza. Hapana, tuhesabu. Sanduku la kompyuta ya kawaida, ikifanya kazi za kuandika na hesabu, linakula kama wati 80. (Msiogope mkiona nyuma yake pameandikwa wati 250 au 300. Hiyo ni nguvu ya mwisho linayoweza kutoa, si linayokula kila saa.) Skrini bapa inakula kama wati 25. Jumla 105. Inveta nayo haifanyi kazi bure, inakata ushuru wake, kwa hiyo kutoka kwenye betri zinatoka wati kama 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Yaani kila saa moja ya kazi unakunywa ampea-saa 10 kutoka kwenye betri.

Betri imeandikwa 100. Mtu atasema, basi tuna saa 10. Hapana tena. Betri hizi za risasi na asidi ukizinywa zaidi ya nusu mara kwa mara unazifupishia maisha, na baada ya miezi si mingi zinakuwa za kukalia. Kwa hiyo una 50 za kutumia, na saa 5 za kazi. Hapo ni kama betri ni mpya, na ni ile iliyotengenezwa kwa sola, yenye sahani nene ndani. Betri ya gari ina sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa dakika moja ya kuwasha injini, haikuumbiwa kazi ya kunyonywa polepole mchana kutwa. Na kama kompyuta mliyopewa ina skrini ya zamani yenye mgongo kama televisheni, hiyo peke yake inaweza kula wati 80, na zile saa 5 zinashuka hadi 3 na kidogo. Skrini ya namna hiyo iacheni nchi kavu, hata kama mmepewa bure. Bure nyingine ina gharama.

Betri ikishanywewa inajazwa na nini? Injini zetu nyingi za kuvuta kamba hazina kitu cha kuchaji, na zile zilizo nacho hutoa ampea chache tu, tena injini ikiwa inakimbia. Kuwasha injini ya petroli ili ulishe kompyuta ni kuchoma pesa za wanachama. Inabaki sola. Paneli ya wati 100, siku yenye jua zuri, itakupa kama masaa matano ya jua kamili. Hapo kwenye karatasi ni wati-saa 500, lakini joto, waya na betri yenyewe vinapunguza, unabaki na 350 au 400. Kazi ya saa 5 kwa kompyuta ile inataka 600. Kwa hiyo paneli moja haitoshi, zinatakiwa mbili, na mwezi wa Aprili mawingu yakitanda hata mbili zitasitasita. Sasa pimeni: paneli mbili, betri, inveta, kidhibiti cha chaji, mahali pa kuvifunga visipeperushwe, na paa la kuvibeba. Kompyuta ya kupewa imegeuka kuwa kitu cha bei ghali kuliko vyote ndani ya boti, labda kuzidi injini.

Kuna njia nyingine, na hii tunaipenda zaidi. Ndani ya lile sanduku la kompyuta, ukilifungua, kuna kitu kinachopokea volti 240 na kuzishusha tena hadi volti 12, volti 5 na volti 3.3, maana hizo ndizo zinazotumika ndani. Hebu oneni: betri ilikuwa na 12, inveta ikapandisha hadi 240, kompyuta ikashusha tena hadi 12. Ni kama mtu wa hapa kijijini kumuuzia dalali maziwa yake, yapelekwe mjini, kisha ayanunue tena jioni na kuyarudisha kwa matatu. Kila safari inakula kitu. Watu wanaokaa ndani ya mashua kwa miezi, wale wanaozunguka bahari, wengi wao wameacha safari hiyo. Wanatumia kompyuta ndogo za mezani, sanduku lisilozidi kitabu kinene, linalotumia umeme wa betri moja kwa moja, pamoja na skrini ya volti 12. Sanduku kama hilo linakula kama wati 15 kwa kazi ya hesabu, na skrini ndogo 15. Hiyo ni ampea 3 hivi kwa saa pamoja na upotevu. Betri ile ile ya 100, nusu yake inakupa saa 16, na paneli moja inaijaza bila wasiwasi.

Onyo moja kwa mafundi wetu wa jua kali: msiunganishe tu kwa sababu pameandikwa volti 12. Betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na chombo kinachotaka 12 kamili kitaungua. Kuna kidhibiti kidogo cha kuweka katikati kinachotoa volti 12 zisizopanda wala kushuka, na kuna kingine kwa masanduku yanayotaka volti 19. Kinunuliwe, hakina bei ya kutisha.

Tena njia hii ina faida ambayo si ya pesa. Volti 12 hazimuui mtu. Volti 240 zinazotoka kwenye inveta zinaua sawasawa na zile za ukutani, na sisi tunaziweka ndani ya boti yenye maji chini, akina mama na watoto miguu yao imelowa, waya umepita kati ya ndoo za omena. Kama ni lazima kutumia inveta, basi iwe karibu kabisa na betri, juu, mahali pakavu, na waya wa kutoka kwenye betri uwe mnene na mfupi. Tuwape mfano wa waya: ukichukua ule wa kawaida wa nyumba wa milimita 2.5 na kuuvuta mita 6 kutoka betri hadi inveta, kwenda na kurudi, kwa zile ampea 10 unapoteza karibu volti 1 njiani. Kwa stima ya ukutani volti 1 si kitu. Kwa betri ya 12 ni nyingi, inveta itaanza kulia na kuzima wakati betri bado ina kitu ndani. Fundi atasema betri ni mbovu, mtanunua nyingine, na hiyo nayo italia.

Fyuzi iwekwe palepale kwenye kichwa cha chanya cha betri, isiwe mwisho wa waya. Betri ikiwa inachajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hiyo isifungiwe ndani ya sanduku lisilo na matundu. Na mtungi wa petroli ukae mbali nayo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka tumboni mwa boti na kukaa pale chini mkiwa hamuuoni, ukingoja cheche moja. Hili vijana hulichukulia kama maneno ya wazee. Boti ya mbao ikishika moto katikati ya ziwa hamna pa kukimbilia.

Tumesema mengi juu ya umeme. Juu ya mtikisiko hatutakaa sana, lakini tuseme moja. Kompyuta za zamani zina diski inayozunguka ndani, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kisomeo kinachoelea bila kuigusa. Nafasi kati yao haitoshi hata chembe ya moshi kupita. Boti ikipiga wimbi, au ikigonga mchanga wakati wa kutia nanga, kisomeo kinaweza kuigusa diski, na hesabu za mwaka mzima zikakwanguliwa. Siku hizi kuna diski zisizozunguka kabisa, hazina kitu kinachotembea ndani, na fundi yeyote wa mjini anaweza kuibadilisha. Kikundi kinachotaka kupandisha kompyuta kwenye maji kibadilishe diski hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Sanduku lenyewe lilazwe, lisisimamishwe, likae chini katikati ya boti juu ya kipande cha godoro, na lifungwe kwa mikanda. Msilifunge mbele kwenye omo, kule ndiko kunakorushwa zaidi.

Halafu wadudu. Nyinyi mnawajua, wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, hasa mwezi unapokuwa mchanga, hadi mtu anafunga mdomo akitembea. Skrini iliyowashwa usiku ndani ya boti inawaita wote. Feni ya kompyuta inawavuta ndani, wanakaa juu ya vyuma vya kupozea pamoja na magamba ya samaki na mvuke wa maji, na baada ya muda mashine inazima yenyewe kwa joto. Kitambaa cha chandarua juu ya matundu kinasaidia, mradi kisafishwe kila wiki. Lakini kazi ya usiku iacheni. Ndugu zetu wa pwani, wa Lamu na kwingineko, wao wana chumvi pia, na chumvi inakula shaba za ndani hata kama hakuna tone lililoonekana kuingia. Sisi wa maji baridi tuna nafuu kidogo hapo.

Mtu mmoja alituuliza katika mkutano uliopita: kwa nini msituambie tu tununue laptopu? Ameuliza vizuri. Laptopu ina betri yake ndani, umeme ukikatika haizimi ghafla na kuharibu kazi, nayo inabebeka. Kikundi chenye pesa za kununua, na chenye mahali salama pa kuiweka, kinunue. Lakini kompyuta ya mezani ina mema yake kwa kikundi. Haiendi nyumbani kwa mtu na kuwa ya mtoto wake wa sekondari. Ikivunjika kibodi unanunua kibodi, huanzi upya. Na skrini yake ni kubwa, wanachama kumi wanaweza kusimama nyuma ya katibu wakasoma pamoja mstari wa Mama fulani: alitoa hiki, alikopa hiki, anadaiwa hiki. Kwa mambo ya pesa za watu hilo la kusoma pamoja ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Sasa tunakuja kwenye jambo lililotufanya tukubali kuzungumza nanyi leo.

Mnakumbuka kivuko cha MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 100. Waliokufa walizidi 220. Siku zile watu waliuliza: kulikuwa na abiria wangapi? Ilikuwa vigumu kujibu, kwa sababu mkata tiketi naye alikuwa amekufa, na mashine iliyokuwa na hesabu ya abiria haikuwa imepatikana majini. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, ilizama MV Bukoba. Wale wa vyumba vya daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa, lakini wa daraja la tatu, ndio watu kama sisi, hawakuwa na orodha. Familia zilikaa ufuoni zikingoja jina ambalo halikuandikwa popote.

Tunaomba mfikirie hilo mkiwa mnatazama kompyuta yenu. Orodha iliyo ndani ya chombo peke yake inazama pamoja na chombo. Inahusu majina ya abiria na inahusu pesa za akiba. Kikundi kilichotoa daftari kwenye chumba cha katibu na kuliweka lote ndani ya boti hakijapeleka hesabu karibu na watu. Kimeziweka mahali ambapo wimbi moja linazimaliza, na mjane wa mwanachama aliyezama hatakuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo, kabla ya kung'oa nanga katika kila ufuo, nakala inabaki nchi kavu. Tunasema kabla, si mkifika. Hesabu za siku hiyo ziingizwe kwenye flashi mbili. Moja ibaki na mwenyekiti wa ufuo huo, nyingine iende na mweka hazina mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Karatasi moja iliyochapwa au kuandikwa kwa mkono, yenye jumla ya kila mwanachama wa ufuo huo, ibaki pale kwa kamati. Orodha ya abiria ndiyo rahisi kabisa, haihitaji kompyuta hata kidogo: daftari la nakala mbili, kalamu ya risasi kwa sababu wino unatiririka ukilowa, nakala moja inaachwa kwa kamati ya BMU na nyingine inasafiri. Kijana anaweza pia kuipiga picha kwa simu na kuituma. Dakika tano. Abiria akikataa kutaja jina lake, hasafiri.

Neno la siri la kompyuta nalo lisijulikane na mtu mmoja. Wengi wenu mnatumia lile sanduku la akiba lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Andikeni neno la siri kwenye karatasi, mtie kwenye bahasha, mfungie ndani ya sanduku hilo hilo. Mnaelewa kwa nini.

Mkituuliza sisi tunaonaje, tutawaambia hivi. Kikundi ambacho boti yake inakusanya samaki na kurudi siku hiyo hiyo, kompyuta isipande. Ikae nchi kavu, kwenye chumba chenye stima au sola, juu ya meza, mlango wenye kufuli. Katika boti ziende mizani, daftari la nakala na simu. Malipo ya M-Pesa, ambayo tumekuwa nayo tangu mwaka 2007, yanaacha alama yake yenyewe kwenye simu ya mlipaji na ya mlipwaji, na katibu atayaingiza jioni akiwa amekaa sawa. Kuandika namba kwenye skrini isiyoonekana kwa jua kali, huku boti inayumba na wavuvi watano wanapiga kelele juu ya kilo zao, ni kutengeneza makosa kwa haraka kuliko zamani.

Kikundi chenye wanachama visiwani, ambao hawawezi kuja bara kila mwezi, hicho ndicho tungekisaidia kupandisha kompyuta. Lakini kwa mtindo wa wale wa Bangladesh. Kuwe na siku maalum kwa kila ufuo, inayojulikana na wote. Boti iondoke alfajiri, mashine imezimwa, imefungwa ndani ya turubai. Ifike, ifungwe pande mbili isicheze, kivuli kitandikwe. Ndipo iwashwe, akina mama waje na vikaratasi vyao, mstari kwa mstari, mpaka saa sita. Saa saba izimwe na kufunikwa, kabla upepo haujageuka. Hapo saa zile 5 za betri zinatosha, hata kwa kompyuta ya kawaida mliyo nayo, mradi skrini ni bapa. Na kama ufuo una chumba, jamani, ishusheni kabisa mfanyie kazi ndani, mtu asiione aibu kuibeba mita hamsini.

Halafu jaketi za kuokoa maisha. Tumeona mahali pamoja zimetolewa chini ya ubao ili betri ipate nafasi. Betri itafutiwe mahali pengine.

Tutarudi huku baada ya mwezi mmoja. Vikundi vilivyo na kompyuta tayari vitume katibu na fundi wao, waje na karatasi yenye mambo haya: maneno yaliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya sanduku na cha nyuma ya skrini, yanakiliwe yote hata kama hamyaelewi, ukubwa wa betri na mwaka iliponunuliwa, urefu wa boti kwa futi na kama ina paa, na idadi ya wanachama wa kila ufuo. Mwenye kipimo cha volti aipime betri asubuhi kabla ya kuitumia, ikiwa imelala usiku kucha bila chaji wala kazi. Ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma kama 12.2 iko nusu, na ikiwa chini ya hapo wakati mliijaza jana jioni, msiipakie popote, njooni nayo tuitazame pamoja.